Miaka 25 na besi, na jinsi dole gumba lilivyonifukuzisha kazi

Watu wanadhani natania nikisema nyuzi za gitaa la besi zinachemshwa. Enzi hizo seti mpya ya nyuzi nne ilikuwa karibu nusu ya posho yangu ya mwezi, sa utanunua vipi, kwa hiyo zikishakufa, yaani zimeshiba jasho na uchafu wa vidole mpaka zinalia bu bu bu kama unagonga godoro, unazifungua zote, unazikunja duara, unatumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika kumi hivi, unaona maji yanageuka rangi ya chai ya rangi na juu kinaelea kimafuta cheusi. Unazitoa unazifuta mpaka zikauke kabisa maana zikibaki na maji zinashika kutu, halafu unazirudisha kwenye gitaa. Unapata wiki moja ya mlio unaong'aa, mbili ukibahatika, zinakufa tena. Mwaka 1999, Keko hapa Dar, nyumbani, mama alinikuta nimetumia sufuria yake ya wali akaniuliza we mtoto unapika nini, nikamwambia napika nyuzi mama. Akachukua mwiko akakoroga kidogo, akaangalia, akaondoka bila neno. Ile sufuria hakuipikia tena wali mpaka leo.

Mi ni mpiga besi. Nimepiga kanisani, nimepiga dansi, harusi na send-off ndo usiseme, nimepiga hotelini Uarabuni, ila ugonjwa wangu ni fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi unaobebwa na besi na mapigo, na watu huwa wananiuliza mtoto wa Keko fanki umeitolea wapi. Nimeitoa kwa baba mdogo. Yeye alikuwa kijana wa mjini miaka ile ya suruali za bugaluu na nywele za afro, na kama hujui, Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, amri ya mkuu wa mkoa kabisa, ikaja juu ya ile Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyokuwa inafukuzana na vimini na suruali za kubana. Baba mdogo anasimulia hiyo habari kama watu wanavyosimulia vita. Anasema walichofanya ni kupunguza sauti tu. Na sahani za James Brown, yule Mmarekani mkubwa wa soul na fanki, aliendelea kuwa nazo, baadae akazihamishia kwenye kanda, na redio yake alikuwa ameitoa spika akaiweka juu ya mdomo wa mtungi wa maji mtupu ili besi itoke nzito. Mi nimelelewa mbele ya ule mtungi. Nilikuwa sijui Kiingereza, maneno yanapita tu, kwa hiyo kilichobaki cha kusikiliza ni kile kinachotoka chini kwenye udongo.

Kujifunza sitakaa sana hapo, ni hadithi ya kila mtu, kwaya ya kanisani walikosa mpiga besi wakanisukumia, nikaonyeshwa do iko wapi na so iko wapi, basi. Kilichonifundisha kazi hasa ni dansi. Nilichukuliwa na bendi moja (siitaji, wengine bado wapo hai na tunasalimiana) na siku ya kwanza mzee aliyekuwa anastaafu besi akanikabidhi gitaa akasema, "Mwanangu, hii ni ya tajiri, na hiyo ampu ya tajiri, hata huo waya wa tajiri. Chako ni hivyo vidole, vitunze." Nikacheka. Sikujua kwamba ananipa mkataba wote kwa sentensi moja. Bendi nyingi za dansi vyombo ni mali ya mwenye bendi, siku mkikosana unatoka mikono mitupu, hata kwenda kufanya majaribio sehemu nyingine huna cha kubeba. Na yule mzee alikuwa amepiga miaka zaidi ya ishirini anarudi kwake na begi la nguo tu.

Sasa tatizo langu lilianza nilipopata mkanda wa VHS, mafunzo ya Louis Johnson, mpiga besi wa bendi ya Brothers Johnson ya Marekani, kopi ya kopi ya kopi, picha imejaa chenga huoni uso ila dole gumba unaliona. Huyu ndo aliyepiga besi kwenye Billie Jean ya Michael Jackson, ila humo kwenye mkanda hapigi kistaarabu hivyo, anapiga slapu. Kama hujawahi kuona, slapu ni hivi: dole gumba unalipigisha kwenye uzi mnene kama nyundo, linagonga na kuruka, halafu kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba kinauvuta mpaka unarudi na kuchapa kwenye mti wa gitaa, TA. Dum-TA, dudu-dum-TA. Niliuona ule mkanda nikaacha kula. Miezi sita nilikuwa napiga slapu tu, kwenye besi ya tajiri nikiiba muda kabla ya mazoezi, kidole kikavimba, kikatoa lengelenge, likapasuka, likaota sugu, nikaona sasa nimekuwa mwanaume.

Nikaenda kuipiga slapu jukwaani. Katikati ya rumba! Wimbo unaenda zake polepole, watu wazima wameshikana, wake na waume zao, mi huku dum-TA dudu-dum-TA. Mpiga solo akageuka akanitazama kama anamtazama mtu aliyejikojolea. Mara ya kwanza wakanionya, mara ya pili wakanionya, mara ya tatu Jumapili ya bonanza kiongozi wa bendi akanifuata wakati wa mapumziko akasema dogo, we unapiga ngoma gani, sisi tunapiga ngoma gani? Jumanne nilipokwenda mazoezini nikakuta kijana mwingine ameshika lile gitaa. Hakuna barua wala nini. Nikarudi Keko kwa miguu, vidole vyangu ninavyo.

Nilikasirika sana wakati ule, nikawaona washamba. Imenichukua miaka kujua kwamba mshamba nilikuwa mi, na kilichonifungua macho ni kusoma habari za Larry Graham, ambaye ndo anayetambulika kama baba wa slapu yenyewe. Huyu alikuwa kijana Oakland, California, anapiga na mama yake, mama kwenye piano na kuimba, yeye anapiga gitaa la kawaida na miguu inakanyaga pedali za kinanda ili kupata besi. Kinanda kikaharibika. Akaenda kukodi gitaa la besi, la muda tu mpaka kinanda kipone, ila hakikupona. Halafu wakabaki bila drama, yaani mpiga drams, wamebaki yeye na mama. Sasa bendi haina drams, utafanyaje? Akaanza kuugonga uzi kwa dole gumba uwe ndo lile dramu kubwa la mguuni, na kuuvuta kwa kidole uwe ndo sneya, ile drams ndogo inayolia kwa ukali. Ndo ilivyozaliwa! Baadae akaingia bendi ya Sly and the Family Stone, mwaka 1969 ikatoka ngoma yao ya Thank You, na mwanzoni mwa 1970 ikawa namba moja Marekani, na dunia nzima ikaanza kugonga dole gumba.

Unaona nilichokosea? Jamaa aligonga kwa sababu kulikuwa na pengo, hakukuwa na drama. Mi nilikuwa na drama, nina mpiga tumba, nina magitaa matatu, pengo hakuna, halafu nikaingia kugonga. Nilikuwa nampigia drama kazi yake, na kazi yangu haina mtu.

Mwaka 2007 nikapata mchongo wa Muscat, Oman. Ajenti alikuja Dar anatafuta wanamuziki wa bendi ya hoteli, miezi kumi, nyimbo za kukopi, chakula na malazi juu yao. Mkataba nilisaini nikiwa nimesimama. Usisaini kitu ukiwa umesimama, kaa chini, omba na maji ya kunywa. Maana kuna mstari ulikuwa unasema siku isiyo na shoo haina malipo, nikaona kawaida tu, hata Dar ndo hivyo. Sikujua kwamba Oman mwezi wa Ramadhani hakuna muziki wa jukwaani mahotelini, kimya mwezi mzima. Tumefika mwezi wa saba, Septemba ikaingia Ramadhani, tukakaa siku thelathini kwenye nyumba ya wafanyakazi bila senti na paspoti amezishika ajenti. Wengine walikuwa wanalia kabisa. Nyumbani mke ananiuliza hela, namwambia subiri sikukuu.

Nilichokuwa nacho ni muda, na jirani. Chumba cha pili walikaa Wafilipino wa bendi ya hoteli nyingine, na kama umefanya kazi Ghuba unajua hawa watu, mahoteli yote wao, wanaweza kupiga chochote kwa mlio ule ule wa kwenye sahani. Mpiga besi wao alikuwa mtu mzima ana kitambi, kimya, anavuta sigara ngazini usiku baada ya kufuturu (hakuwa Mwislamu ila mchana aliheshimu). Siku moja akanikuta napiga slapu zangu bila ampu, akasikiliza, akatabasamu, akaenda kuleta kile kimashine cha kugonga mapigo. Akaweka biti, polepole, akashika kidole kimoja juu: one. Piga uzi mnene kabisa, kwenye moja tu, yaani pigo la kwanza katika kila mapigo manne. Mbili tatu nne, nyamaza.

Nikaona ananidharau. Nikapiga. Dum... kimya. Dum... kimya. Baada ya dakika mbili akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole, late, umechelewa. Baada ya hapo, early, umewahi. Mi nilikuwa sisikii tofauti! Akachukua simu yake akarekodi, akanichezea, duh, ni kweli, noti yangu na kiki ya mashine, ule mlio wa dramu la mguuni, haviingii pamoja, ni kama watu wawili wanagongana mlangoni. Na kingine, noti yangu ilikuwa haikati, nikishapiga inaendelea kulia mpaka inachafua mbili. Akanionyesha mkono wa kushoto, hausukumi tu uzi, unaulegeza ili unyamaze pale pale unapotaka, na kumbe nusu ya fanki iko kwenye mkono wa kushoto, kwenye kukata. Zile noti bubu, tk tk, ambazo hazina sauti ya do wala re ni kishindo tu, ndo zinafanya mtu atikise bega bila kujua anatikisia nini. Usiku wa tatu akaniletea kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, akakichomeka chini ya nyuzi karibu na mkia wa gitaa, mlio ukawa mfupi, mnene, mkavu. Mi nikakumbuka mtungi wa baba mdogo papo hapo.

Noti moja. Wiki nzima ya kwanza nilipiga noti moja. Kumbe ndo shule ile ile aliyosomeshwa Bootsy Collins, maana mwaka 1970 bendi ya James Brown ilimgomea mambo ya malipo, akawachukua vijana wa Cincinnati, Bootsy na kaka yake Catfish anayepiga gitaa, Bootsy ana miaka 18 na vidole vinamwasha kama vyangu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi, Brown alimwambia nipe ile moja, iwe kubwa, iwe pale pale, halafu hapo katikati fanya unavyotaka mradi ukirudi unikute kwenye moja. Alikaa naye chini ya mwaka mmoja tu, akaenda zake kwa George Clinton, mkubwa mwingine wa fanki, na miwani yake ya nyota, ila moja aliondoka nayo. Na Brown alikuwa anawakata hela wanamuziki wakikosea, tena hapo hapo jukwaani. Mi Mfilipino hakunikata kitu, sikuwa na kitu cha kukatwa.

Hapa niseme jambo la sisi watu wa dansi. Hatujui kuisimamia moja kwa sababu tumelelewa kuikwepa. Besi ya rumba na sebene inaning'inia, inaingia nyuma ya pigo, inatangulia pigo, moja unamwachia drama, na ni utamu wake huo sisemi vibaya. Ila kitu ambacho dansi ilikuwa imeshanifundisha bila mi kujua ni kuacha nafasi. Yule mzee aliyenikabidhi gitaa la tajiri alikuwa anapiga noti nne anakaa kimya mapigo matatu anaangalia wanawake wanavyocheza. Nilidhani amechoka! Nikiwa kule ngazini Muscat ndo nikaanza kumsikia vizuri, miaka minane baadae.

Ramadhani ilipoisha tukarudi jukwaani. Ijumaa ya pili hivi tunapiga Good Times ya bendi ya Chic, besi ya Bernard Edwards ile, ambayo usipoikata vizuri inakuwa matope, na Edwards hagongi dole gumba pale, ni vidole na kukata tu. Nikapiga. Sikuongeza kitu. Drama wetu, Mkongo mmoja wa Lubumbashi ambaye tulikuwa hatupatani kabisa kwa sababu kila siku ananiambia nakimbia, akainua kichwa akanitazama, hakucheka, akakaza tu ile kiki, nikaisikia inaingia kwenye noti yangu kama funguo kwenye kufuli. Mpaka wimbo unaisha hatukuondoleana macho. Tukishuka akaniambia, "Leo umekuja kazini, kaka."

Muscat kuna kingine kilinifurahisha, nusu ya madereva teksi wazee ninaowapata wanaongea Kiswahili kuliko mimi, cha Unguja safi. Mmoja akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia napiga gitaa la besi, akasema, "Lile lisilosikika?" Nikamwambia ndo hilo hilo baba. Akasema, "Basi una kazi ngumu, watu hawakujui mpaka ukosekane." Akanipunguzia nauli.

Kuhusu kutojulikana, kuna James Jamerson. Jamaa alipiga besi kwenye nyimbo zisizohesabika za Motown, kampuni ya sahani, miaka ya sitini pale Detroit, kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, nyuzi habadilishi (angekuwa Keko tungeelewana), na jina lake halikuandikwa kwenye sahani za Motown mpaka mwaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye. Alifariki 1983 ana miaka 47. Mi nimewahi kurekodi besi studio hapa mjini kwa shilingi elfu thelathini, ngoma ikaja kupigwa kwenye kila daladala, niko kwenye kiti cha nyuma nimebanwa na ndoo ya samaki najisikiliza, hela ya nauli naazima. Siku hizi kabla sijatoa gitaa kwenye begi tunaandikishana, jina langu liwepo na mgao uwepo, hata kwa meseji, ila iwepo. Wengi wananiona nina shida. Wengine wanaenda kuprogramu besi kwenye kompyuta, sawa, waende.

Narudi Dar 2008 na besi yangu mwenyewe, ya Kijapani ya mtumba, rial sitini na tano kwa Mfilipino yule yule ambaye alikuwa anabadilisha gitaa. Haina rangi mgongoni, mkanda wa mkoba wake ulikuwa wa kiti cha gari. Ila si ya tajiri. Ampu nilinunua mwaka uliofuata nikaiunguza mwezi huo huo na jenereta la harusini Mbagala kwa sababu sikuwa na kistabilaiza cha kutuliza umeme, hilo nalo niliandikie wapi. Masikio yananiimbia usiku, sikio la kushoto hasa, upande ambao matoazi ya drama yamekaa miaka yote, na dawa yake ilikuwa vipamba vya masikio vya bei ya soda ambavyo nilikuwa naona aibu kuvaa.

Madogo wanakuja nyumbani kujifunza siku hizi. Wote wanataka slapu, wameona video, wanayo kwenye simu picha safi kabisa sio ile chenga yangu, na wana kasi ambayo mi sijawahi kuwa nayo. Nawawekea kimashine nawaambia uzi mnene, kwenye moja. Wengi siku ya pili hawaji, mzazi ananipigia anasema mwalimu mtoto anasema humfundishi kitu. Mmoja amebaki, wa Tandika, binti wa miaka kumi na sita, alikaa na noti moja siku tisa bila kulalamika na siku ya kumi akaniuliza mbona kimashine chako kinachelewa. Nikakiangalia, betri zilikuwa zinakwisha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na send-off Tabata na kuna kijana mgeni kwenye kinanda, fundi kweli kweli, ila mkono wake wa kushoto umejaa besi, kila ninapopiga na yeye yupo, tunakanyagana humo chini kama watu kwenye mlango wa mwendokasi. Nikamvumilia nyimbo mbili. Ya tatu nikamsogelea nikamwambia sikioni, "Mdogo wangu, huo mkono wa kushoto weka mfukoni." Mi nilimaanisha apunguze, yeye akautia mfukoni kweli, mfuko wa suti, akapiga wimbo mzima na mkono mmoja huku anacheka, bibi harusi mtarajiwa akadhani ni staili akamfuata akamtunza elfu kumi kwenye paji la uso.